Tumbusi Hawajaacha Kuzaa

Swali limerudi tena, safari hii kutoka Kashebere, pale Masisi inapopakana na Walikale: tumbusi wamepatwa na nini hata wakaacha kuzaa? Wengine huongeza pendekezo kwamba tuwafuge tuwatotoleshe kama kuku. Tulimalize jambo hili leo. Tumbusi hawajaacha kuzaa. Wanauawa.

Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja kwa msimu. Hulilalia siku 56 hivi, kisha kinda hukaa kiotani kama miezi minne, na hupita miaka mitano hivi kabla naye hajataga. Uzazi huo wa polepole ulitosha kwa sababu mkubwa aliishi miaka mingi. Wazazi hulisha kinda kwa zamu. Akifa mmoja, kwa kawaida na kinda huenda naye.

Kinachowafanya watu watafute kosa kiotani ni imani moja ninayokutana nayo kila mahali: eti tumbusi hadhuriki na chakula. Amekula ng'ombe aliyekufa kwa kimeta na kesho yake yuko angani, basi kipi kitamuua? Ukweli wa imani hiyo ni mdogo, na madhara yake ni makubwa. Asidi ya tumbo lake ni kali mno, pH hushuka hadi karibu na 1, na vijidudu vingi hufia humo. Vijidudu vina uhai wa kupoteza, sumu haina. Kabofurani, ile dawa ya shambani iliyojulikana kwa jina la Furadan, hupenya tumboni na kuingia kwenye damu, ikavuruga mawasiliano ya neva na misuli. Misuli hukakamaa, pumzi hukatika, na ndege huanguka hapo hapo kando ya mzoga. Hata dawa halali ya ng'ombe imewahi kuwamaliza. Nchini India, Pakistan na Nepal walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, figo zao zikafa. Sababu ilipotangazwa mwaka 2004, jamii tatu za huko zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Asidi ile ile walikuwa nayo; haikuwaokoa.

Tena hawafi mmoja mmoja. Kila tumbusi angani humwangalia jirani yake. Akishuka mmoja, wote hufuata. Ndiyo maana Juni 2019, nchini Botswana, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Majangili hufanya hivyo makusudi, kwa kuwa ndege wakizunguka juu huwaonyesha walinzi mahali mnyama alipouawa. Jirani yetu, Ishasha katika hifadhi ya Queen Elizabeth iliyoshikana na Virunga, Machi 2021 simba sita walikutwa wamekufa, na tumbusi wamelala kando yao. Tumbusi huvuka mpaka wa Uganda na Kongo bila kuujua. Mwaka 2016 mtafiti wa tumbusi Darcy Ogada na wenzake walionyesha kwamba jamii nane za tumbusi wa Afrika zilipungua kwa wastani wa asilimia 62 ndani ya miaka 30, na asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa vilitokana na sumu. Hapo kiota kina kosa gani?

La kufanya halihitaji semina. Fisi au mbwa akikusumbua, imarisha zizi na ulaze ndama ndani. Usipake mzoga dawa ya shambani ili kumuua. Ng'ombe akiumwa, mwombe daktari wa mifugo meloksikamu badala ya diklofenaki. Miti mirefu yenye viota iacheni. Kufuga na kutotolesha kuje baadaye, sumu ikishaondoka, la sivyo tunalea ndege wa kwenda kufa.

Na ukikuta mzoga wenye ndege waliokufa pembeni, usiuguse kwa mikono mitupu, usile nyama yake, usiwaache watoto wala mbwa wasogee. Mwarifu chifu au walinzi wa ICCN, taasisi ya hifadhi za Kongo, siku hiyo hiyo, ili mzoga uchomwe pamoja na ndege wake wote. Ukiachwa wazi hadi kesho, kundi jingine litashuka.