Hori ya Greccio

Sogeeni, wajukuu. Lile pango mnalosukumana kulitazama kanisani kila Noeli lina kisa chake, na safari hii si ngano ya sungura na fisi.

Mwaka 1223, kule Italia, alikuwapo Fransisko wa Assisi. Baba yake alikuwa tajiri muuza vitambaa. Yeye akaiacha mali yote, akaishi kifukara. Noeli ilipokaribia alimwomba rafiki yake Giovanni, mtu mkubwa wa kijiji cha Greccio, amtafutie hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Basi! Alitaka kuona kwa macho jinsi Yesu alivyozaliwa bila hata kitanda. (Ng'ombe na punda hamtawakuta katika kisa cha Luka, watafuteni kwa nabii Isaya.)

Usiku wa mkesha wanakijiji wakaja na mienge. Thomas wa Celano, aliyeandika habari hizi, hataji sanamu ya Maria wala ya Yosefu. Ni hori tu, na juu yake padri akaadhimisha misa. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili, kisha akahubiri. Na kila alipotaja Bethlehemu, sauti yake ilitoka kama ya kondoo anayelia. Beee-thlehemu! Chekeni tu, hata mimi hunichekesha.

Ila hapo kwenye hori na misa msiparuke. Hori ni chombo cha kulishia mifugo. Wakristo wanaamini kwamba aliyelazwa humo ni Mungu mwenyewe, na Wakatoliki kama Fransisko wanaamini kwamba katika misa hujitoa awe chakula cha watu. Hakushukia ikulu wala hakuja na jeshi. Alikuja mchanga, wa kubebwa, na wa kwanza kuitwa kumwona walikuwa wachungaji waliokesha na kondoo zao porini.

Sasa mtaniuliza: je, kula na kufurahi ni vibaya? Thubutu! Mtawa mmoja alipodai nyama isiliwe kwa kuwa Noeli imeangukia Ijumaa, Fransisko alimkemea. Alisema hata kuta angependa zile nyama siku hiyo, na kama haziwezi, basi zipakwe! Lakini alitaka pia matajiri wawashibishe maskini, na ng'ombe na punda waongezewe majani.

Kwa hiyo Noeli hii, kabla hamjajipakulia pilau, ulizeni ni jirani gani hajabandika sufuria, mkampelekee sahani ya kwanza.