Pwani Yetu Iliyo Mlangoni: Kutoka Mto Wami Hadi Madete

Mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya pwani anapopata likizo, desturi huwa ni ile ile. Hununua sukari, khanga na sabuni, hupanda basi pamoja na aila yake, na akifika kwao huketi barazani kuamkiana na jamaa mpaka siku ya kurudi kazini. Bahari iko hatua chache nyuma ya nyumba; watoto huchezea maji kidogo, kisha huitwa kula. Wakiulizwa shuleni wanyama wa nchi yetu wanaishi wapi, hutaja Serengeti na Ngorongoro, kana kwamba upande wa kwao hamna kitu ila minazi.

Leo tunakualika ukitazame upya kipande kimoja tu cha pwani hiyo: kile kinachoanzia mdomo wa Mto Wami, kaskazini ya Bagamoyo, kikapita kijiji cha Saadani na kufika fukwe za Madete upande wa Pangani. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, na mwaka 2005 ikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya nusu siku, na mwananchi hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni atokaye ng'ambo.

Anzia mtoni, maji yanapojaa. Mashua ikiingia Wami utawaona viboko wamelala makundi makundi, migongo ikiwa imejitokeza kama mawe yaliyooshwa, na mamba kando ya matope wamepanua vinywa. Juu ya miti furukombe hulia sauti yake kali. Lakini, ndugu msomaji, usiwatazame wakubwa hao tu ukasahau mizizi ya mikoko iliyo kando yako. Humo ndimo walimo kamba wadogo. Mama zao hutaga baharini. Wachanga huchukuliwa na maji hadi penye mikoko, wakajificha na kula mpaka wapate nguvu za kurudi kwenye kina. Kamba wa nazi uliyemla nyumbani kwako Ilala au Temeke huenda alilelewa hapa.

Kwa hiyo mambo ya Wami yanaifikia sufuria yako. Mikoko hukatwa ili kupata boriti na mapau ya kujengea, na mahali pengine huchomwa kuchemshia maji ya chumvi. Mto wenyewe hutoka mbali, bara, na kila tone linalozuiwa huko juu halifiki kuchanganyika na maji ya bahari ambayo mikoko inayahitaji. Tena kwa miaka mingi meli kubwa zilikokota nyavu mbele ya fukwe hizi, huku wavuvi wa ngalawa wakilalamika, hata mavuno yakashuka mno na serikali ikasimamisha uvuvi huo mwishoni mwa mwaka 2007. Uzuiaji huo uliendelea kwa miaka kadhaa. Mvuvi wa Saadani hakuhitaji kusomewa taarifa ili ajue sababu. Alikuwa akiivuta kila siku ndani ya wavu wake mtupu.

Kijiji chenyewe kina mengi ya kusimulia. Karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu ilishukia hapa kuvuka kwenda Unguja, na ndipo alipokuwa Bwana Heri bin Juma, aliyepigana na Wajerumani mpaka mwaka 1890. Leo magofu ya wakati ule yamesimama karibu na nyavu zilizoanikwa. Usishangae ukiona ngiri wakizurura kati ya nyumba bila hofu: wenyeji wengi ni Waislamu, hawana haja naye, na ngiri anaonekana kulifahamu jambo hilo vizuri.

Ukitoka kijijini kwenda nyikani utakuta kongoni, kuro, tohe, nyati na twiga. Tembo na simba nao wamo, ila hutokea wapendapo. Katika msitu wa Zaraninge mna mbega weusi kwa weupe. Penye mashamba ya chumvi husimama heroe, safu ya waridi juu ya maji meupe. Kaskazini, Mkwaja, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe kwa takriban nusu karne. Ndorobo na kupe hawakuipa raha, na mwaka 2000 ikafungwa. Nyasi zilizolishwa ng'ombe sasa zinaliwa na wanyamapori.

Lakini ukiwa na usiku mmoja tu wa kuchagua, uchague Madete. Kasa jike hupanda mchangani usiku, akijivuta kwa shida, akachimba shimo kwa makasia yake ya nyuma na kutaga mayai yapatayo mia moja. Hufukia, akarudi majini, wala haonani tena na wanawe. Baada ya miezi miwili hivi wachanga huibuka kwa pamoja na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa ikiwaka nyuma yao hugeuka na kwenda nchi kavu, wakafa. Ndiyo maana askari wa hifadhi atakuomba uzime tochi, nawe umtii.

Zamani watu wa pwani waliyala mayai hayo na nyama yake pia, nasi wenye asili ya huko tusijifanye hatukujua. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi ndipo aweze kutaga. Yule anayeingia majini mwaka ambao mwanao anaanza darasa la kwanza, akinusurika na samaki, ndege na nyavu, atarudi kutaga wakati mwanao ameshakuwa mzazi.

Basi likizo ijayo, nje ya miezi ya masika kwa kuwa njia za udongo hugeuka tope, omba siku mbili kwa jamaa zako wa barazani. Mchukue na mzee mmoja wa huko, ajuaye majina ya mikoko: mchu, msinzi, mkandaa, mlilana. Watoto wamwulize yeye kabla hawajakuuliza wewe. Alfajiri mteremke ufukweni kabla maji hayajajaa na kufuta alama. Mtaona mchangani njia pana yenye mikwaruzo pande mbili, ikipanda kutoka majini, na nyingine pembeni yake ikishuka.