Mdondoko Huanza Mwaka wa Kwanza

Ukiuliza kwa nini vijana wa mijini wanaacha sekondari, majibu hayakosekani: umaskini, makundi ya mtaani, malezi, mimba. Yote yana ukweli, ila hakuna hata moja ambalo mwalimu wa hisabati anaweza kuliondoa kabla ya muhula kwisha. Ndiyo maana kazi iliyofanyika Chicago inanivutia. Watafiti wa huko waliuliza swali dogo zaidi: mtoto huanza kupotea lini, na nani angeweza kumwona?

Jibu lilipatikana mwaka 2005, katika ripoti ya Elaine Allensworth na John Easton wa Chuo Kikuu cha Chicago. Sekondari ya huko ni miaka minne, darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Mwanafunzi aliyemaliza darasa la tisa akiwa amefaulu masomo ya kutosha kupanda darasa, bila kuzidisha F moja ya muhula katika masomo ya msingi, walimhesabu kuwa yuko njiani. Katika kundi hilo, asilimia 81 walihitimu kwa wakati. Kwa waliotoka njiani ilikuwa asilimia 22.

Kuna jambo ndani ya ripoti hiyo ambalo walimu wengi hawalikubali kirahisi. Mtoto aliyekuja na alama za chini lakini akabaki njiani alikuwa na nafasi kubwa ya kuhitimu kuliko mwenye alama za juu aliyetoka njiani. Utafiti wa 2007 ukaonyesha kwamba mambo mengi yalitegemea mahudhurio: aliyekosa zaidi ya wiki mbili katika muhula alifeli, kwa wastani, masomo yasiyopungua mawili, hata kama alikuja na alama nzuri. Wala si lazima uwe utoro wa kupotea kabisa. Kuna yule anayefika kipindi cha kwanza cha aljebra kimekwisha, au anayeingia vipindi vitatu, cha nne akabaki uwanjani. Shuleni yupo, kwenye aljebra hayupo.

Basi shule za Chicago zikaanza kupata orodha muhula ukiwa bado unaendelea: jina, mahudhurio, alama za kila somo. Walimu wa darasa la tisa wakakaa pamoja na orodha hiyo. Hapo mwalimu wa Kiingereza anaweza kugundua kuwa kijana anayemshinda yeye anafanya vizuri kwenye baiolojia. Mmoja anabeba jukumu la kumpigia mlezi simu wiki hiyo hiyo. Mwenye F anafuatiliwa amalizie kazi alizoacha kabla alama hazijafungwa. Linalogharimu zaidi ni muda wa walimu. Kati ya 2007 na 2013, walio njiani walipanda kutoka asilimia 57 hadi 82.

Je, walimu hawakugawa alama tu? Ni swali la haki. Watafiti walilichunguza, na wastani wa ACT, mtihani wa kuombea chuo, ulibaki karibu palepale. Hata hivyo, takwimu za mji huo si za kumeza nzimanzima: mwaka 2015 uongozi wa shule ulishusha viwango vya kuhitimu uliokuwa umevitangaza, baada ya waandishi wa habari kufichua kuwa baadhi ya walioacha masomo waliandikwa kuwa wamehama. Kipimo kikishakuwa cha kumsifu au kumlaumu mkuu wa shule, wapo watakaokichezea.

  

Takwimu zetu za Tanzania hutaja utoro kuwa sababu kuu ya mdondoko, kana kwamba utoro wenyewe hauna sababu, na kwa utaratibu wetu mtoro hufutwa akifikisha siku 90. Kwa kipimo cha Chicago angekwisha kuonekana siku ya kumi. Na kumwona hakuhitaji kompyuta. Sekondari nyingi zina daftari la vipindi, mwalimu anasaini kila akitoka darasani, kisha linapelekwa kwa mwalimu wa taaluma, ambaye mara nyingi hutafuta humo walimu waliokosa vipindi. Wanafunzi waliokosa nao wanaweza kutafutwa humo humo.