Pua ya Panya Buku

Litaje jina la panya buku sebuleni na kitu cha kwanza kutafutwa ni fagio. Panya, tunaambiwa tangu utotoni, huuma huku akipuliza, ili aliyelala asishtuke mpaka ngozi ya kisigino imekwisha. Ndiye mtoboa magunia, ndiye mla mbegu kabla hazijaota. Mapafu yako ungeyakabidhi kwa nani, hata uorodheshe viumbe mia, yeye asingekuwamo. Lakini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kuna panya buku wanaoamshwa asubuhi, wakabebwa kama watoto hadi maabara, wakanusishwa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu.

Mjini tumezoea kumwita panya buku kila panya aliyenenepea mferejini. Mwenyewe hasa ni mwingine, na hata ukoo hawachangii na wale wa darini. Wanasayansi humwita Cricetomys. Ukimpima kuanzia puani hadi ncha ya mkia anaweza kukaribia mita moja, na uzito wake ni kama kilo moja hadi moja na nusu. Mkia nusu mweusi, nusu mweupe, kama uliochovywa kwenye chokaa. Ndani ya mashavu ana vifuko anavyojaza karanga na mbegu mpaka uso unavimba mithili ya mtoto aliyeficha pipi. Macho yake ni hafifu, na mizunguko yake ni ya usiku. Chakula anachokizika ardhini hukirudia kwa kunusa tu, na hapo ndipo ujuzi wake wote ulipo.

Aliyeona kazi katika pua hiyo ni Mbelgiji, Bart Weetjens, ambaye alifuga panya tangu utotoni. Mwaka 1997 alianzisha shirika la APOPO kwa lengo la kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini, na mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA. Mwenyeji wake pale ni kituo cha utafiti wa namna ya kudhibiti waharibifu wa mazao, panya wakiwa mstari wa mbele. Kwa maneno mengine, waliofika kumsomesha panya walikaribishwa na watu ambao kazi yao ni kummaliza. Wakaelewana vizuri, maana hakuna amjuaye panya kama adui yake.

Mabomu ndiyo yaliyowapa jina. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020, na picha yake ikazunguka dunia nzima. Wenzake wa makohozi hawana picha nyingi, ingawa kwangu mimi kazi yao ndiyo nzito zaidi. Na wazo lenyewe lina mvi: maandiko ya kitabibu ya Wagiriki wa kale yanayobeba jina la Hippocrates yanataja kumwaga makohozi ya mgonjwa kwenye makaa na kuisikiliza harufu yake.

Maabara ya panya ni tofauti na unavyoidhania. Kuna kizimba kirefu chenye kuta za kioo, na sakafuni matundu kumi yamepangwa mstari mmoja. Chini ya kila tundu huwekwa kikopo cha makohozi yaliyokwisha kupashwa moto ili vijidudu vife lakini harufu isife. Panya anaingizwa, mkufunzi anafunua tundu la kwanza. Anatumbukiza pua, anaitoa, anasogea. La pili, vivyo hivyo. La tatu anaganda. Pua haitoki, kucha zinakwaruza sakafu, sekunde tatu zinapita. Kinalia kidude cha mkononi, tik! Panya anakimbilia pembeni ambako bomba la sindano lisilo na sindano linamsubiri, limejaa ndizi iliyopondwa pamoja na chakula cha kusagwa. Analamba, anarudi kazini. Sampuli mia moja humchukua kama dakika ishirini. Mtaalamu wa darubini angezimaliza kwa siku kadhaa.

Tena darubini ina kesi nyingine ya kujibu. Tangu Robert Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu, tarehe 24 Machi 1882, njia kuu katika nchi maskini imekuwa kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi na kutazama. Ili jicho liwaone, panatakiwa bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita moja. Mgonjwa anayeanza kuugua hajafika huko. Anayeishi na VVU mara nyingi makohozi yake huwa na bakteria wachache, ingawa ugonjwa unamtafuna. Mtu wa namna hii huandikiwa kwamba hana TB, akarudi nyumbani na kikohozi chake, akapanda daladala.

Kwa hiyo panya hapokei kazi ya hospitali. Anapewa iliyokwisha kufanywa. Vikopo vinatoka kliniki vikiwa na majibu tayari, na panya kadhaa wanavipitia upya. Hapa ndipo penye kitendawili kilichonivutia kuliko vyote. Mnyama huyu anafanya kazi kwa ujira. Sasa kikopo ambacho hospitali imekiita safi, panya akisema si safi, alipwe? Ukimlipa kila anapokwaruza, atakwaruza kila kitu, maana naye si mjinga. Usipomlipa kamwe, atagoma. Suluhisho ni kuchanganya ndani ya mstari vikopo ambavyo tayari inajulikana vina TB. Akivigundua hivyo, ndizi. Akikwaruza kwenye kisichojulikana, hapati kitu. Mkufunzi anaandika tu kwenye karatasi na kazi inaendelea. Panya hajui kwamba kile asicholipiwa ndicho kilichotafutwa.

Na bado haaminiwi. Kila alichokwaruza hurudi maabara kwa binadamu, kikapimwa kwa njia makini zaidi, na kisipothibitishwa hakuna anayeanzishiwa dawa.

Ananusa nini hasa? Bakteria wa TB wanapokua hutoa kemikali zinazoruka hewani. Georgies Mgode wa SUA na wenzake waliwajaribu panya kwa bakteria wa jamii jirani na vijidudu vingine vinavyokaa kwenye njia ya hewa, na wakaona panya wanaitenganisha TB na hao wengine. Inaelekea pua yao inafuata mchanganyiko mzima wa harufu, kama wewe unavyoujua pilau kutoka mlangoni bila kutaja bizari moja moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliangalia watoto wadogo, ambao hukohoa wakameza badala ya kutema, na kidogo kinachopatikana hakiitoshi darubini. Panya waliongeza idadi ya watoto waliogunduliwa kwa karibu asilimia 68 juu ya wale walioonekana kliniki.

Mbona basi hawajajaa kila wilaya? Shirika la Afya Duniani halijawaidhinisha kama kipimo. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa mwaka 2010, hutoa jibu kwa takriban saa mbili, na hapohapo inakwambia kama bakteria ni sugu kwa dawa ya rifampicin, jambo ambalo panya hatakwambia. Mashine inataka umeme na vifaa vya kununua kwa kila kipimo. Panya anataka miezi kama tisa ya mafunzo, ndizi, na mtu mwenye subira. Siwaoni kama washindani. Mmoja anapepeta, mwingine anathibitisha.

Kazi ngumu huja baada ya hapo, nayo haina pua wala mashine. Mgonjwa alikwisha kuambiwa hana kitu. Namba ya simu aliyoiacha haipatikani, na anwani yake ni ya kwetu: nyuma ya msikiti, karibu na mashine ya kusaga, uliza kwa mama muuza maandazi. Jijini Dar es Salaam, watu wa kikundi cha MKUTA, wengi wao waliopata kuugua TB na kupona, ndio wanaotembea na majina hayo mtaa kwa mtaa, wakipiga hodi. Akipatikana anarudishwa kliniki na kuanza miezi sita ya dawa. Panya saa hizo yuko Morogoro, amejikunja kwenye nyasi zake, anasubiri giza liingie.