"Ni umaskini tu"? Uzi kuhusu akina mama weusi Marekani

Kila mjadala wa afya ya uzazi Marekani ukianza, lazima mtu aseme "hiyo ni umaskini tu." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo.

Cheki hii. Mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walifariki akina mama weusi 50.3. Wazungu, 14.5. Kwa watoto wachanga pia, vifo vya weusi ni zaidi ya mara mbili.

Sasa hapa ndipo hoja ya umaskini hukwama: mama mweusi mwenye digrii yuko hatarini kuliko mzungu ambaye hakumaliza sekondari.

Serena Williams, 2017, alijifungua kwa upasuaji, kisha pumzi ikaanza kumkata. Alishawahi kuganda damu mapafuni, so alijua. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Aling'ang'ana mpaka akapimwa, na kweli, damu ilikuwa imeganda.

Bima inasaidia, sikatai. Wengi hufa wiki kadhaa baada ya kujifungua, na Medicaid ya uzazi ilikuwa inakatika siku 60 tu. Sheria ya 2021 ikaruhusu majimbo kuifikisha mwaka mzima. Lakini Serena hakukosa bima. Alikosa kuaminiwa.