Difu na Giaboksi Ni Hesabu Moja

Mtu aliyefunga difu ya 4.10 kwenye Chevelle ya 1970, pamoja na giaboksi ya gia nne, husikika kabla hajaonekana. Akiwa kwenye barabara kuu ya I-75 kaskazini mwa Detroit, kwa kilomita 110 kwa saa, mwendo ambao Corolla yoyote huuenda huku dereva akisikiliza redio, injini yake inazunguka zaidi ya mara 3,600 kwa dakika. Yuko gia ya nne, na ya tano hana. Baada ya saa moja masikio yanavuma, mshale wa mafuta umelala, na abiria aliyepanda kwa shangwe anauliza kama bado ni mbali. Msimamishe mtu huyo huyo kwenye taa nyekundu, na zikiwaka za kijani atawaacha wote wakipangusa vumbi. Sifa yake na adha yake vinatoka mahali pamoja, ndani ya kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma.

Ukikifungua utakuta meno. Krauni ina meno 41, pinioni inayoizungusha ina 10. Propela lazima izunguke mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja. Hiyo ndiyo 4.10. Wengine huuliza kwa nini viwanda havikuchagua namba nyoofu, 4 kamili kwa mfano, tukapumzika na nukta. Jibu lake linapendeza: 41 na 10 hazina kigawanyo cha pamoja, kwa hiyo jino moja la pinioni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu kabla ya kurudi lilipoanzia. Meno yanalika sawasawa. Kama ingekuwa 40 kwa 10, jino lenye kasoro lingegonga yale yale manne kila siku hadi liyatoboe. Difu ya 3.73 ni 41 kwa 11, ya 3.08 ni 40 kwa 13. Hesabu ni ile ile.

Namba ikikua, nguvu ya kusukuma inaongezeka na mwendo unapungua. Hapa ndipo wageni wengi wa magari ya misuli hujikwaa, kwa sababu masikio yetu yamezoea kwamba kikubwa ndicho cha kasi. Difu ya 4.10 ni difu ya nguvu. Ya 2.73 ni difu ya mwendo. Aliyewahi kupanda mlima na baiskeli ya gia moja, kisha akapanda na ile yenye sproketi kubwa nyuma, anaijua tofauti hiyo kwa magoti yake.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuchagua difu peke yake, au giaboksi peke yake, kana kwamba ni vitu viwili. Injini haijui ipi ni ipi. Inachohisi ni zao la vyote viwili: uwiano wa gia uliyoingiza ukizidishwa kwa uwiano wa difu. Giaboksi yenye gia ya kwanza ya 2.20 na difu ya 4.10 inakupa 9.02, yaani injini inazunguka mara tisa kwa mzunguko mmoja wa tairi. Kwa gari la V8 lenye uzito wa tani moja na nusu na ushei, wajenzi wengi hulenga kati ya 9 na 11 kwenye gia ya kwanza. Chini ya 8 klachi ndiyo inayolipa: kila ukiondoka lazima uikanyage nusu, uisuguesugue, mpaka harufu iingie ndani. Juu ya 12 gia ya kwanza inakwisha kabla hujavuka makutano, na unaanza kuondokea ya pili kama dereva wa lori lisilo na mzigo.

Upande wa pili wa hesabu ni barabara kuu. Kanuni yake ni fupi: mwendo kwa kilomita, mara uwiano wote, mara 5.3, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Tairi la kawaida la magari haya lina kipenyo cha inchi 26 hivi, sentimita 66. Kwa kilomita 110 katika gia ya nne isiyozidisha wala kupunguza kitu, difu ya 4.10 inatoa karibu mizunguko 3,620. Ya 3.73 inatoa 3,295, ya 3.31 inatoa 2,925, ya 3.08 inatoa 2,720.

Tairi nalo ni gia, ila watu husahau. Ukivua la inchi 26 ukafunga la 28, 4.10 yako inafanya kazi kama 3.81, na hujagusa hata bolti moja ya difu. Land Cruiser nyingi za zamani, zile zilizozeeka kwenye mbuga na migodi yetu, zina difu ya 4.11, karibu sawa na ya Chevelle yetu ya Detroit. Hazipigi kelele kama Chevelle hiyo kwa sababu tairi zao ni kubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia namba ya difu bila kukuambia tairi, amekupa nusu ya habari.

Sasa twende kwenye ubishi wa giaboksi zenyewe. Kiwanda cha General Motors kilichokuwa katika mji wa Muncie, Indiana, kilitengeneza giaboksi ya gia nne iliyobeba jina la mji huo kuanzia 1963 hadi 1974. Ilikuwa na sura tatu: M20, M21 na M22. Ukikaa na wapenzi wa magari haya utasikia kwamba M20 ni ya barabarani na M21 ni ya mbio, kwa sababu gia za M21 zimekaribiana zaidi. Ni kweli, lakini zimekaribiana wapi? Ziandike sambamba. M20 ya kuanzia 1966: 2.52, 1.88, 1.46, 1.00. M21: 2.20, 1.64, 1.28, 1.00.

Fikiria unabadili gia kila injini ikifika 6,000. Kwa M20, ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, mizunguko inashuka hadi kama 4,475. Kwa M21 inashuka hadi 4,470. Hakuna tofauti hata ya kubishania. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, M20 inashuka hadi 4,660, M21 hadi 4,680. Bado hakuna kitu. Kutoka ya tatu kwenda ya nne ndipo ukweli unapojitokeza: M21 inatua kwenye 4,690, lakini M20 inadondoka mpaka 4,110. Tofauti yote ya giaboksi hizi mbili imelala katika hatua moja ya mwisho, na katika ile gia ya kwanza unayoondokea.

Je, shimo hilo la mizunguko 580 lina maana? Inategemea injini. Chukua Camaro Z/28 ya 1969. Injini yake ni ndogo kwa viwango vya Marekani, inchi za ujazo 302, na nguvu zake 290 za farasi zilizotangazwa zinapatikana kwenye 5,800. Injini kama hiyo ukiishusha chini sana inakutazama tu. Inahitaji gia zilizokaribiana ili isitoke kwenye mizunguko inayoipenda, na difu ya nguvu ili ifike huko haraka. Ndiyo maana gari hilo lilitoka na 3.73 kama difu ya kawaida, na aliyetaka aliagiza 4.10. Kisha itazame Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6 ya inchi 454: nguvu 450 za farasi, na nguvu ya kuzungusha ya futi-pauni 500 inayofikia kilele kwenye mizunguko 3,600. Hiyo ukiidondosha hadi 4,110 bado imesimama palepale penye nguvu zake. Shimo la M20 kwake si shimo.

Kwa hiyo nikikutana na mwenye 454 aliyenunua M21 kwa sababu ya sifa, akaiunganisha na difu ya 3.31 aliyoikuta kwenye gari, najua klachi yake ina siku chache. Zidisha: 2.20 mara 3.31 ni 7.28. Kwa difu hiyo hiyo M20 ingempa 8.34. Bado si nyingi, ila injini yenye nguvu kama ile ingeivumilia.

M22 ina uwiano ule ule wa M21. Kilichobadilika ni meno: yamekatwa kwa mshazari mdogo zaidi, karibu na kunyooka, ili gia zisisukumane pembeni na zisipate joto kali chini ya mzigo mkubwa. Gharama yake ni mlio, na mlio huo ndio uliozaa lile jina la utani la msaga mawe. Wako wanaoinunua kwa ajili ya kelele tu. Sina ugomvi nao.

Ukienda kununua Muncie iliyotumika, kagua mistari iliyochongwa kuzunguka shafti ya mbele, ile inayoingia kwenye klachi. Miwili ni M20, mmoja ni M21, na ikiwa hakuna ni M22. Kumbuka lakini kwamba shafti hubadilishwa, na tangu 1974 ni mafundi wengi walioshika giaboksi hizi. Ford nao walikuwa na giaboksi yao ya Toploader katika sura mbili, gia ya kwanza ikiwa 2.78 au 2.32. Chrysler walikuwa na A833 inayoanzia kama 2.66. Hesabu haibadiliki kwa kubadili nembo.

Usiwacheke walioagiza magari haya na difu za nguvu. Waliyapima kwa robo maili, mita 402 kutoka kusimama, na sehemu kubwa ya sifa zao ilitafutwa kwenye taa za barabara ya Woodward Avenue, Detroit, si kwenye safari ya mchana kutwa. Petroli ilikuwa rahisi. Vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vilipokuja, na mwaka uliofuata kikomo cha maili 55 kwa saa, ukurasa ulikuwa umeshafungwa.

Mshika mawili, moja humponyoka, na kwa gia nne ndivyo ilivyokuwa: ukipata kuondoka unapoteza safari. Giaboksi ya gia tano ndiyo iliyoleta ruhusa ya kushika yote mawili, kwa sababu gia yake ya mwisho iko chini ya 1.00: propela inazunguka haraka kuliko injini. Inayofungwa sana siku hizi kwenye magari haya ni TKX ya Tremec. Inauzwa kwa mipangilio tofauti, na mtego uko hapo. Mmoja unaanza na 3.27, mwingine na 2.87, na huu wa pili hupatikana na gia ya tano ya 0.68.

Mwenye 4.10 akinunua ule wa 3.27 kwa sababu muuzaji alikuwa nao dukani, gia yake ya kwanza inakuwa 13.4. Hiyo ni ya kuvutia mashua kutoka ziwani. Mpangilio wa 3.27 unamfaa mwenye difu ya 3.08 asiyetaka kuifungua: 3.27 mara 3.08 ni 10.07, kuondoka kuzuri kabisa, na kwenye gia ya tano kwa kilomita 110 injini iko chini ya 2,000. Kama ina kemshafti ya kiwandani, atasafiri kwa raha. Kama ana kemshafti kali, injini itatetemeka na kukohoa kwa mizunguko midogo kiasi hicho, na atajikuta anarudi ya nne, yaani amenunua gia asiyoitumia.

Mimi ningechukua ule wa 2.87 na difu ya 3.55 au 3.73. Ya 3.73 inatoa 10.7 kwenye kuondoka na 2,240 barabarani, pale ambapo gia nne ilikuwa inalia 3,295. Ya 3.55 inatoa 10.2 na 2,130. Kwa injini kubwa nachagua ya pili. Ila mwenye Z/28 asikimbilie. Kutoka 2.87 kwenda 1.89, injini inayobadilishwa kwa 6,000 inadondoka hadi 3,950, wakati M21 ingeiweka kwenye 4,470. Kwa injini ile ndogo yenye hasira, giaboksi ya kale bado ina hoja.

Kabla ya kulipa chochote, jua ulicho nacho. Inua ekseli nzima ya nyuma, iweke juu ya stendi imara, si jeki peke yake, zuia magurudumu ya mbele, weka gia frii, legeza breki ya mkono. Piga alama kwenye propela na kwenye tairi. Kama difu ina loki na magurudumu yote mawili yanazunguka upande mmoja, zungusha tairi raundi moja uhesabu propela. Kama haina loki, mwenzako ashike gurudumu moja lisisogee, wewe zungusha lingine raundi mbili. Propela ikipita kidogo raundi tatu na nusu una 3.55, ikifika karibu tatu na robo tatu una 3.73. Kibandiko cha muuzaji si ushahidi.

Na uulize mapema kama krauni mpya itakaa kwenye kibebeo kilichomo. Kwenye ekseli ya GM ya bolti 12, kibebeo kinachochukua 3.08 hadi 3.73 hakichukui krauni ya kawaida ya 4.10, lazima ununue kingine, na bili inakua bila kukuaga. Wenye Ford ya inchi 9 wana raha yao: sehemu yote ya katikati inachomolewa kwa mbele, na wakimbiaji walikuwa wakibeba ya akiba na kuibadilisha uwanjani. Giaboksi ya gia tano nayo inaweza kudai kukata sakafu kwenye handaki linaloifunika na kurekebisha urefu wa propela.

Kuna kidude kimoja cha bei ndogo ambacho karibu kila mtu hukisahau, ile gia ndogo ya spidomita inayoendeshwa na shafti ya nyuma ya giaboksi. Ukitoka 3.31 kwenda 3.73 bila kuibadilisha, utakuwa unakwenda 110 na mshale unakuonyesha 124. Najua wenye magari kadhaa wanaolifahamu hilo vizuri, na miaka inapita hawajaibadilisha.