Mtoto wa Kitongoji cha Mwisho: Namna Kampeni ya Taifa ya Chanjo Inavyopangwa Hadi Kufika Milimani

Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Februari 2024, Tanzania iliendesha kampeni ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wenye umri wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5. Siku 4 ni muda mfupi kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022. Katika siku hizo chanjo ileile hutakiwa kumfikia mtoto wa Kariakoo, ambaye kituo kiko mtaa wa pili, na mtoto wa kata ya Zirai, wilayani Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako nyumba zimetawanyika juu ya vilima na mvua moja huweza kufunga njia.

Makala haya yanaeleza namna kampeni ya aina hii inavyopangwa, na kwa nini mafanikio yake hutegemea kazi inayofanyika katika zahanati na vitongoji wiki nyingi kabla ya sindano ya kwanza.

Kwa nini kuwe na kampeni ilhali kliniki zipo?

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, nalo ni swali la haki. Mpango wa Taifa wa Chanjo umekuwapo tangu mwaka 1975, na mtoto hupata chanjo ya surua na rubela kliniki akiwa na miezi 9, kisha akiwa na miezi 18. Jibu limo katika hesabu ndogo.

Tuchukue mfano wa kata inayozaliwa watoto 200 kila mwaka. Tuseme watoto 180 kati yao, yaani asilimia 90, wanapata dozi ya kwanza. Dozi inayotolewa katika umri wa miezi 9 hujenga kinga kwa takribani asilimia 85 ya wanaoipata. Wengine miili yao haijengi kinga ya kutosha kwa dozi hiyo moja. Hivyo wenye kinga ni 153, na wasio na kinga ni 47. Baada ya miaka 4, wasio na kinga wamekuwa 188, karibu sawa na watoto wote wanaozaliwa katika mwaka mmoja. Dozi ya pili ya miezi 18 hupunguza idadi hiyo, lakini si watoto wote wanaorudi kuipata.

Surua huambukiza kuliko magonjwa mengi yanayojulikana. Mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana inahitajika takribani watu 95 katika kila 100 wawe na kinga ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Wasio na kinga wanapolimbikizana, mlipuko husubiri mgeni mmoja tu mwenye virusi. Matokeo yake ni nimonia, kuhara kukali, kuvimba kwa ubongo, upofu hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, na vifo. Kampeni huja kuondoa limbikizo hilo kabla halijafikia kiwango cha hatari. Kwa sababu hiyo Tanzania imezirudia kampeni hizi mwaka 2014, 2019 na 2024.

Kampeni ya Oktoba 2014 iliwahusu watoto hadi wale walio chini ya miaka 15, kwa kuwa ndio mwaka ambao chanjo ya rubela iliingizwa nchini. Rubela kwa mtoto ni ugonjwa mwepesi, lakini ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito huweza kumwacha mtoto na mtoto wa jicho, uziwi au kasoro za moyo. Kama wangechanjwa watoto wachanga peke yao, maambukizi yangepungua kwa wadogo huku wasichana wakubwa wakibaki bila kinga hadi umri wa kuzaa. Umri wa walengwa, kwa hiyo, huwekwa kwa kufuata mwenendo wa ugonjwa wenyewe.

Kuhesabu watoto

Hatua ya kwanza ya mpango ni kujua walengwa ni wangapi na wanaishi wapi. Wizara hutumia makadirio yatokanayo na sensa. Makadirio hayo yanatosha kuagiza chanjo za nchi nzima, lakini hayatoshi kumwongoza muuguzi wa zahanati. Watu huhama kufuata kazi katika mashamba ya chai. Wengine hufungua mashamba ya iliki na mdalasini pembezoni mwa msitu. Kitongoji kilichokuwa na nyumba 10 huweza kuwa na 30, na kingine kikabaki na wazee watupu.

Ikiwa makadirio ni madogo kuliko hali halisi, taarifa husomeka kwamba kata imechanja asilimia 105 huku watoto kadhaa wakiwa bado nyumbani. Takwimu inayozidi 100 inapaswa kumshtua msimamizi kabla ya kumfurahisha. Ikiwa makadirio ni makubwa mno, chanjo hubaki na wahudumu hulaumiwa bure.

Tiba yake ni mpango kazi wa ngazi ya kituo. Muuguzi, mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hukaa pamoja na kuchora ramani kwa mkono: vitongoji, mito, shule, misikiti, makanisa, mahali pa gulio, na saa zinazohitajika kufika kila mahali kwa miguu. Kisha mhudumu wa jamii hupita nyumba kwa nyumba na kuandika watoto. Vitongoji vya mpakani hustahili jicho la pekee. Milima ya Usambara imegawanyika kati ya wilaya kadhaa, na bonde la Lwengera hutenganisha upande wa Zirai na upande wa Lushoto. Ni rahisi kila wilaya kudhani kwamba nyumba za mpakani zimeandikwa na jirani yake.

Kutoka hesabu ya watoto hadi hesabu ya mizigo

Idadi ikishajulikana, mahitaji mengine hufuata. Kwa watoto 1,000, huongezwa kiasi cha chanjo itakayopotea kwa sababu za kawaida. Kwa upotevu wa asilimia 10, idadi huzidishwa kwa 1.11, hivyo huhitajika dozi 1,110, sawa na chupa 111 za dozi 10. Kila chupa huhitaji kimiminika chake cha kuchanganyia na bomba moja la kuchanganya. Kila mtoto huhitaji bomba linalojifunga baada ya kutumika mara moja. Kila mabomba 100 yaliyotumika huhitaji sanduku moja la usalama. Kikisahaulika kimoja tu, kwa mfano kimiminika cha kuchanganyia, chupa zote 111 hazina kazi.

Mzigo huo husafiri katika mnyororo baridi: kutoka bohari ya taifa hadi mkoani Tanga, kisha Muheza, kisha zahanati, ukiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kutoka zahanati huingia katika kibebeo chenye barafu na kupanda mlima begani au kwa pikipiki. Chanjo ya surua na rubela huharibiwa na joto na mwanga, hasa ikishachanganywa. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa saa 6 tu, au hadi mwisho wa kazi ya siku, lolote litakalotangulia, kinachobaki hutupwa. Sheria hii haina msamaha, kwa sababu chanjo hiyo haina dawa ya kuzuia bakteria kukua ndani ya chupa.

Hapa ndipo penye mtihani wa mhudumu. Amepanda saa 2, amefika kitongoji cha mwisho, amekuta watoto 3, na chupa ina dozi 10. Akiifungua, dozi 7 huenda zikapotea. Asipoifungua, watoto 3 hubaki bila kinga, nao ndio hasa ambao kampeni iliwalenga, kwa kuwa ndio waliokosa kliniki kwa sababu ya umbali huohuo. Mwongozo wa kampeni ni kwamba chupa hufunguliwa hata kwa mtoto mmoja. Lakini mhudumu hutii mwongozo huo kwa moyo mkunjufu pale tu ambapo mpango ulimpa chupa za kutosha na msimamizi hatamhoji kuhusu dozi zilizotupwa. Uamuzi wa kumchanja mtoto yule hufanywa mezani Muheza, wiki kadhaa kabla.

Siku, saa na mahali

Mpango unaompa kila mhudumu idadi ileile ya watoto kwa siku, mjini na milimani, umekosea tangu mwanzo, kwani milimani sehemu kubwa ya siku huliwa na mwendo. Kalenda nayo ina neno. Usambara Mashariki hupata mvua nyingi za masika kati ya Machi na Mei, na vuli kuanzia Oktoba. Siku za akiba lazima ziwekwe.

Saa za kituo zifuate saa za watu. Mama anayechuma chai huondoka alfajiri na kumwacha mtoto kwa bibi. Kituo kinachofungwa saa 8 mchana hakimpati. Siku ya gulio huweza kuleta watoto wengi mahali pamoja, na tangazo la baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, likitolewa na mtu anayeaminika, hufika mbali kuliko gari la matangazo. Bibi naye aelezwe mapema, kwa Kisambaa au Kibondei inapobidi, kwamba anaruhusiwa kumleta mjukuu hata kama kadi ya kliniki haionekani.

Somo kutoka visiwani

Ugumu huu si wa milimani peke yake. Visiwani Unguja na Pemba, mwanzoni mwa mwaka 2009, chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika maeneo yaliyokuwa yakipata milipuko. Kati ya watu takribani 48,000 waliostahili, karibu nusu walipata dozi zote 2. Ufuatiliaji ulionyesha kuwa waliochanjwa walipata kinga ya takribani asilimia 79, na kwamba hata wasiochanjwa walioishi mahali penye wachanjwa wengi waliugua kidogo kuliko wale waliozungukwa na wachanjwa wachache.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Kinga ya jirani humlinda asiyeweza kuchanjwa. Lakini ulinzi huo hutegemea mahali: wachanjwa wengi wa mji hawamlindi mtoto wa kitongoji ambacho jirani zake wote wamerukwa. Kwa surua, ambayo huambukiza kwa urahisi zaidi, asilimia 95 ya taifa haitoshi ikiwa wale 5 waliobaki wanaishi pamoja. Kilima kilichorukwa ni sawa na kisiwa ambacho boti haikutia nanga.

Yanayompasa mzazi kuyajua

Mtoto aliyekwisha kuchanjwa kliniki apelekwe pia kwenye kampeni. Dozi ya ziada haimdhuru. Kama dozi za awali hazikumjengea kinga, hii humpa nafasi nyingine. Mafua, kikohozi chepesi au homa ndogo havizuii chanjo. Asichanjwe mtoto aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiyo, wala mwenye upungufu mkubwa wa kinga, hadi daktari ashauri.

Maudhi madogo hutokea: maumivu mahali pa sindano, na kati ya siku ya 7 na ya 12 homa au vipele kwa baadhi ya watoto, ambavyo huisha vyenyewe. Mzio mkali ni nadra sana, lakini huanza mapema. Ndiyo sababu mzazi huombwa asubiri angalau dakika 15 kabla ya kuondoka. Kituo kiwe na dawa ya adrenalini, na mtoto mwenye degedege, kupumua kwa shida au homa isiyoshuka apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Baada ya siku ya mwisho

Kazi haimaliziki kwa kufunga vibebeo. Wapimaji wasiohusika na uchanjaji hupita katika nyumba chache za kila eneo na kutafuta watoto waliorukwa, wakiuliza sababu. Nyumba zinazoangaliwa zisiwe zile za kando ya barabara. Jina la kila aliyekosa huandikwa na kukabidhiwa zahanati ili afuatwe kwa huduma ya mkoba.

Ramani iliyochorwa kwa mkono na daftari la watoto vitunzwe katika zahanati na kusahihishwa kila mwaka. Vitafaa kwa kliniki ya kesho, kwa mlipuko usiotarajiwa, na kwa kampeni ijayo, ambayo itaanza ikiwa na majina ya watoto badala ya makadirio peke yake.